Isome Mizani Mwenyewe

Ndugu msomaji, utakapokwenda buchani wiki hii, naomba ufanye jambo moja dogo. Kabla muuzaji hajaweka nyama, tazama mshale wa mizani, au tarakimu zake kama ni ya betri, uone kama imetulia kwenye sifuri. Kisha tafuta stika ya uhakiki ya mwaka huu. Usinune wala usimshuku mtu. Muuzaji mwaminifu haudhiki kwa hilo, na wapo watakaokuonyesha stika wenyewe kabla hujauliza. Ukisharidhika, nunua, uende zako kwa amani.

Naomba hivyo kwa sababu neno mizani limetapakaa katika maisha yetu kuliko tunavyokumbuka. Muulize dereva wa lori, atakuambia mizani ni kituo cha barabarani kinachomtoa jasho Vigwaza au Mariakani. Mama mwenye mtoto mchanga atakutajia kliniki. Mshairi atakuhesabia silabi kwa vidole, na mhasibu atakufungulia taarifa ya fedha yenye jina la jirani kabisa, mizania. Hakimu atasema ni namna ya kupima ushahidi wa pande mbili, na mnajimu atakuonyesha nyota za buruji ya Mizani. Wote wako sahihi. Neno lilitujia kutoka Kiarabu pamoja na ndugu zake uzani na wizani, nasi tukalipeleka kila tulikokuwa na shughuli ya kulinganisha kitu na kitu.

Kokote lilikokwenda, hali ni ile ile: mbele ya mizani wapo watu wawili, na mara nyingi anayeisoma ni mmoja. Wa pili anasomewa. Wito wangu ni kwa huyo wa pili, ambaye ni mimi na wewe katika sehemu nyingi za maisha. Tuache kusomewa.

Nianze na pamba, kwa kuwa historia ya ushirika katika Kanda ya Ziwa ina mizani ndani yake. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Jimbo la Ziwa alibeba pamba yake mpaka kituo cha kununulia, na huko kila kitu kilikuwa mikononi mwa mnunuzi. Mizani ilikuwa yake, aliyeisoma alikuwa mtu wake, na hesabu ya fedha ilifanywa na karani wake. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi, na mkulima mmoja mmoja hakuwa na la kufanya, maana hata akibisha hakuwa na namba ya kuweka mbele ya ile aliyotajiwa. Walichofanya wakulima ni kujiwekea wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma na kuandika, wasimame vituoni waone uzito ukipimwa. Kutokana na jitihada za namna hiyo kikakua chama cha wakulima wa jimbo kilichoongozwa na kijana wa Mwanza, Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Baada ya Uhuru, Bomani akawa Waziri wa Fedha. Wale wapimaji waliosimama juani kando ya marobota ya pamba majina yao hayakuandikwa sana, lakini wao ndio ninaowafikiria ninapoandika wito huu. Kazi waliyoifanya haikuhitaji mtaji wala cheo. Walisimama, wakatazama, wakaandika.

Kazi hiyo haijaisha. Bado kuna vituo ambavyo mkulima anasimama nyuma ya kamba huku mzigo wake ukisomwa kwa sauti na mtu mwingine. Mizani ya rula, ile yenye jiwe linalosogezwa juu ya mkono wa chuma, ni chombo kizuri kikitumiwa na mwaminifu, lakini mkono wake ukizuiwa kidogo kwa kidole, au jiwe likasogezwa kabla mkono haujatulia, kilo mbili tatu zinapotea bila kelele. Zipo pia kilo zinazopotea kwenye hesabu ya kifungashio. Gunia la katani ni karibu kilo moja, wakati mfuko wa plastiki uliofumwa haufiki hata robo kilo. Ukikatwa uzito wa gunia la katani na wewe umeleta mfuko wa plastiki, umepoteza zaidi ya robo tatu za kilo kwa kila mfuko, na mwenye mifuko 40 amepoteza zaidi ya kilo 30 za mazao kwa kukaa kimya. Uliza: umekata kiasi gani, na kwa nini?

Kuna ubaya mwingine unaostawi pale mizani isipokuwepo kabisa. Tanzania tunaujua kwa jina la lumbesa: gunia la viazi, vitunguu au kabichi linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezwa wavu au nyasi juu na kushonewa hadi linakuwa na shingo na kichwa. Bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa mazao yanayofungashwa, na Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kwa mfuko. Sheria hizo ni nzuri, lakini haziwezi kumsaidia mkulima aliyekubali kuuza kwa macho. Hali ni hiyo hiyo kwa mnunuzi wa mjini anayepimiwa maharage kwa kopo, sado au gorogoro: kitako cha kopo kikibonyezwa kwa ndani, kipimo kimepungua na kopo bado linaonekana ni lile lile. Tudai kilo. Soko linalouza kwa kilo linamlinda muuzaji na mnunuzi kwa pamoja, na wenyeviti wa masoko wakiamua, jambo hili linaweza kuanza msimu mmoja tu.

Dini zetu zimelisemea jambo hili kwa ukali ambao wakati mwingine tunausahau sokoni. Sura ya 83 ya Kurani imepewa jina la watu wanaopunja vipimo, na sura ya 11 ya kitabu cha Mithali inaanza moja kwa moja na mizani ya udanganyifu. Masheikh, mapadri na wachungaji wanaosoma hapa, nawaomba mlipeleke somo hilo mbele ya waumini wenu hasa wakati wa mavuno, na mlitaje kwa jina la soko lenu.

Sasa niseme kidogo kuhusu mizani yenyewe kama chombo, maana ni vigumu kudai haki mbele ya kitu usichokielewa. Wanafunzi wa fizikia hufundishwa kutenganisha tungamo na uzito. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Uzito ni nguvu ambayo kwayo dunia inakivuta kitu hicho. Mizani ya mikono miwili, ile ya sonara wa zamani, inalinganisha kitu na jiwe, kwa hiyo inatoa jibu lile lile popote duniani, kwa sababu mvuto ukibadilika unabadilika pande zote mbili. Mizani ya springi na ile ya betri zinapima mvuto, na mvuto haulingani kila mahali. Karibu na ikweta ni mdogo kuliko kaskazini. Tofauti ya London na Dar es Salaam ni kama sehemu 3 katika 1,000. Mizani iliyorekebishwa London ikaletwa Dar es Salaam bila kuguswa itaisoma kilo moja kamili ya dhahabu kuwa gramu 997. Kwa muuza mchicha gramu 3 si kitu, lakini kwa mchimbaji mdogo anayeingia soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, kila gramu ni fedha ya maana. Ndiyo sababu mizani za aina hii hurekebishwa na kuhakikiwa pale pale zinapotumika, na ndiyo sababu stika inahusu mizani ile, mahali pale, kwa muda ule. Stika ya mwaka juzi haikuambii lolote la leo.

Tanzania, kazi ya kuhakiki ni ya Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002. Kenya, kazi hiyo inafanywa chini ya sheria ya vipimo na mizani, Sura 513, na serikali za kaunti nazo zina maofisa wao. Wakaguzi hawa ni wachache ukilinganisha na mizani zilizopo madukani, machinjioni, ghalani na vituoni. Hawawezi kufika kila kijiji kila mwezi. Wewe upo kijijini kila siku, na jicho lako ni sehemu ya ukaguzi.

Tena kilo si mali ya mtu. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris, na kila nchi ililinganisha mawe yake na kipande hicho. Tarehe 20 Mei 2019 utaratibu huo uliachwa. Sasa kilo inafafanuliwa kwa kiwango cha maumbile kisichobadilika, ambacho maabara yoyote yenye vifaa inaweza kukifikia. Tarehe 20 Mei ndiyo Siku ya Vipimo Duniani, ukumbusho wa mkataba wa mita uliosainiwa Paris mwaka 1875 na nchi 17. Shule zetu zinaadhimisha siku nyingi. Naomba na hii iingizwe kwenye kalenda, kila shule ilete mizani moja uwanjani na kila mtoto apime kitu, aandike.

Tutoke sokoni twende barabarani. Mizani ya magari inachukiwa, na nawaelewa wanaoichukia, kwa sababu foleni ni ndefu na muda ni fedha. Lakini tuielewe inapima nini. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2013, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja ya kuendeshea yenye matairi manne. Kwa nini wahangaike na ekseli moja moja badala ya kutosheka na uzito wa jumla? Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, yalionyesha kwamba madhara kwa lami yanapanda kwa takriban kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli. Ekseli iliyowekwa tani 12 badala ya 10 imezidi kwa asilimia 20 tu, lakini inaichakaza barabara zaidi ya mara mbili. Tajiri mmoja anapata faida ya tani mbili, na mashimo yanabaki kwa wote: kwa mama anayekimbizwa hospitali akiwa na uchungu, kwa nyanya zinazopondeka njiani, kwa kodi ya mtu ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki.

Kwa hiyo nawaomba abiria wenzangu. Kondakta akituambia tusogee mbele ya basi, au tushuke tuvuke mizani kwa bodaboda ili basi lionekane jepesi, tukatae kwa adabu. Basi lililozidiwa mzigo linachelewa kusimama breki zinapokanyagwa, na ndani yake tumo sisi. Nawaomba pia madereva na matanboi: mwenye mali akikushurutisha upakie kupita kiasi, namba inayoandikwa kituoni ni ya gari unaloendesha wewe, na leseni ni yako.

Mizani ninayoihofia kuliko zote ni ile ya kliniki, kwa sababu makosa yake hayaonekani siku ile ile. Mtoto anavuliwa nguo, anaingizwa kwenye kaptula ya kitambaa na kuning'inizwa, analia, anarushwarushwa, mshale unacheza. Foleni ya akina mama inafika nje ya mlango na mhudumu mmoja anafanya kazi ya watu watatu. Katika pilikapilika hizo namba inaandikwa haraka, nukta inawekwa kwenye kadi, mama anaambiwa anaendelea vizuri, anaondoka.

Mama, baba, bibi unayelea mjukuu: usiondoke kabla ya kuiona kadi na kuuliza. Namba moja peke yake haisemi mengi. Kinachosema ni mstari unaounganisha nukta za miezi. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala tambarare kwa miezi miwili, kuna jambo la kuulizia hata kama mtoto anacheza na kucheka. Ukishuka, usisubiri tarehe ya kliniki ijayo. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu na anahitaji uangalizi wa karibu zaidi. Kwa kawaida mtoto mchanga huwa amefikisha mara mbili ya uzito wa kuzaliwa karibu na mwezi wa tano au wa sita, na mara tatu karibu na mwaka mmoja. Ukiyajua haya matatu unaweza kuisoma kadi ya mwanao hata ukiwa nyumbani usiku na kibatari.

Uzito huo hauishii kwenye kadi. Dawa ya mseto ya malaria, ile tunayoiita ALU, hutolewa kwa kufuata kilo. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara, na wa kilo 15 mpaka chini ya 25 hupewa viwili, mara mbili kwa siku, siku tatu. Mtoto wa kilo 15 akisomwa kuwa ana 14, amepewa nusu ya dawa yake. Kosa la kilo moja, lililotokea kwa kuwa mizani haikuanzia sifuri, linageuka kuwa homa inayorudi. Mhudumu wa afya, tunajua umechoka. Tunakuomba tu umwonyeshe mama mshale kabla hujaandika. Na wewe mama, kama mshale bado unacheza, sema kwa upole: dada, tusubiri atulie.

Ipo mizani moja ambayo haina chuma wala stika, nayo nitakaa kwayo kidogo kwa sababu naamini inaweza kutusaidia kuzisoma zote nyingine. Ni mizani ya shairi. Kwa kawaida mshororo wa shairi una mizani 16, nane kila kipande, na mshororo wa utenzi una mizani nane; tenzi za Pate za karne ya 18, kama ule wa Tambuka, zilijengwa kwa kipimo hicho. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na humo akasimamia mizani kwa uthabiti. Mtu huyo huyo alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Uwanja wa michezo wa Arusha una jina lake mpaka leo. Naona fahari kwamba tulikuwa na kiongozi aliyehesabu silabi kwa uangalifu ule ule aliotakiwa kuwa nao katika sheria.

Hesabu yenyewe ina ujanja wake. Neno mtu lina mizani mbili, kwa kuwa ile m ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi: m-tu. Nchi nayo ni mbili. Lakini mbuzi ni mbili tu, mbu-zi, hapo m imeungana na b. Anayesoma kwa macho bila kusikiliza atakosea. Chukua mshororo huu nilioutunga kwa ajili ya wito: ukiuza mali yako, tupia mizani jicho. Hesabu kwa vidole vyako. U-ki-u-za-ma-li-ya-ko, nane. Tu-pi-a-mi-za-ni-ji-cho, nane. Huhitaji kuniamini mimi, umehakiki mwenyewe.

Siingii katika ubishi wa zamani wa wanamapokeo, wanaoshikilia mizani, na wanamabadiliko, wasiofungwa nayo. Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 bila kufungwa na mizani, alikuwa na hoja zake, na lugha yetu imetajirika kwa pande zote mbili. Ninachotaka ni kitu kingine. Hii ndiyo mizani ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuihakiki bila kifaa, na akimkuta mshairi mkubwa amepungukiwa mizani moja, anaweza kunyoosha mkono na kusema, na atakuwa sahihi. Walimu wa Kiswahili, tumieni nafasi hiyo. Mtoto aliyezoea kuhesabu mwenyewe kabla ya kukubali, halafu akapelekwa na mwalimu wa hisabati kwenye mizani ya duka la jirani, na baadaye akaonyeshwa na mwalimu wa sayansi kadi ya kliniki ya mdogo wake, atakuwa amepata elimu ya uraia ambayo haikuhitaji kitabu kipya. Ipangeni pamoja, walimu watatu, kipindi kimoja kila mmoja.

Kutoka hapo tuingie kwenye mkutano mkuu wa chama chenu, iwe ni SACCOS, chama cha mazao au kikundi kilichosajiliwa. Mhasibu anasimama na kusoma mizania. Upande mmoja ni mali za chama, upande mwingine ni madeni na mtaji wa wanachama, na chini kabisa jumla mbili zinalingana sawasawa. Watu wanapiga makofi, chakula kinaletwa.

Hapo nawaomba tukae macho zaidi kuliko buchani. Mizania hulingana kila mara, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyotengenezwa. Kulingana kwake si ushahidi kwamba fedha zipo. Mikopo ya mamilioni iliyotolewa kwa watu wasiolipa bado inaandikwa upande wa mali, na karatasi inalingana vizuri. Kwa hiyo usiishie kwenye jumla. Uliza katika hiyo mikopo ni kiasi gani kinalipwa kwa wakati na kiasi gani kimelala. Uliza kama salio la benki limethibitishwa na benki yenyewe. Uliza nani amekagua na lini; Tanzania ukaguzi wa vyama vya ushirika ni kazi ya shirika la COASCO, na mwanachama ana haki ya kuisikia ripoti ya mkaguzi. Kama huielewi lugha ya hesabu, omba isomwe taratibu kwa Kiswahili cha kawaida. Fedha inayozungumziwa ni yako, na anayelipwa kuieleza ni mtumishi wako.

Mahakamani nitapita haraka. Kesi za madai, ardhi na mikopo huamuliwa kwa mizani ya uwezekano: upande ambao ushahidi wake ni mzito zaidi, hata kwa kiasi kidogo, ndio unaoshinda. Kesi za jinai zinahitaji uthibitisho usioacha shaka ya msingi. Kwa raia wa kawaida maana yake ni kwamba karatasi ndogo ina uzito. Stakabadhi ya ghala, risiti ya kituo cha kununulia, daftari lako lenye tarehe na kilo, picha ya mizani uliyopiga kwa simu: hivyo ndivyo vinavyowekwa kwenye mizani ya hakimu siku ya mgogoro. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya mahakama Tanzania, kwa hiyo hata hukumu unaweza kuidai kwa lugha unayoielewa. Tunza karatasi zako.

Kwenu mnaoshika mizani, wauzaji, makarani wa vituo, wauguzi, wahasibu, nina ombi moja. Geuzeni uso wa mizani umwelekee yule anayepimiwa. Haigharimu kitu. Kituo kinachoweka mizani mahali ambapo mkulima anaiona, na kumpa risiti iliyochapwa hapo hapo, kinajijengea jina, na mkulima atakiletea mzigo wake msimu ujao hata kama bei ya jirani imezidi kidogo.

Na kwenu wenye macho ya kusoma na muda kidogo wa ziada, wastaafu, walimu walioko likizo, vijana waliomaliza kidato cha nne wakisubiri matokeo: jirani yako mzee hawezi kuiona tarakimu ndogo ya mizani ya betri, na mama wa nyumba ya tatu hajui kusoma. Ongozana nao. Chukua daftari, andika jina, tarehe, idadi ya mifuko, kilo zilizosomwa na kilo zilizokatwa, kisha mwenye mzigo abaki na nakala. Mkiona mizani haina stika ya mwaka huu, msigombane na mtu. Pelekeni taarifa ofisi ya vipimo ya mkoa au kaunti yenu, mkitaja mahali na siku. Kanda ya Ziwa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei. Mchagueni mpimaji wenu kabla ya siku hiyo, na asubuhi ya kwanza awe kituoni.